Pete ya Mwisho ya Nanyokie

Ukitaka kumpata Joram Wahome pale Noonkopir, Kitengela, fuata harufu. Watu wa mtaa huo hawamwelekezi mgeni kwa namba ya ploti wala kwa rangi ya geti. Wanamwambia aende moja kwa moja mpaka pua imkatae, kisha apige kona kushoto. Pembe ya ng'ombe ikichemka hunuka, ikikatwa kwa msumeno hunuka zaidi, na Joram amezichemsha na kuzikata kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye mwenyewe haisikii tena hiyo harufu. Majirani wapya hulalamika miezi miwili hivi, halafu wanazoea, au wanahama.

Alitoka Mukurweini akiwa kijana asiye na kazi wala ndevu, akapata kibarua cha kufagia katika karakana iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya mifupa. Alifagia mwaka mzima huku akiiba ujuzi kwa macho. Karakana ilipofungwa, mwenyewe alimwachia vaisi moja kuukuu ya kubania kazi na misumeno miwili badala ya mshahara wa mwisho, na Joram akavipokea bila ubishi. Kwa vifaa hivyo alimwoa Wamaitha, akamsomesha binti yao Ann mpaka akawa nesi huko Nakuru, na akajenga vyumba viwili na banda la mabati nyuma yake.

Kazi yake kubwa ni vidani. Huchukua ncha ya pembe, ile sehemu nene isiyo na uwazi ndani, akaichonga umbo la tone au la jani, akaipiga tupa, akaisugua kwa msasa wa aina tatu mpaka ing'ae, kisha akaizungushia waya wa shaba unaoishika na kuacha kitanzi cha kupitisha uzi. Waya huo ni mali ya Wamaitha. Yeye huuchukua kwa mafundi wanaofufua mota, akauchoma rangi yake, akaunyoosha kwenye msumari uliopigwa mlangoni. Husema nyumba yao imesimama juu ya vitu viwili vilivyokufa, ng'ombe na mota, na akishasema hivyo hucheka peke yake, kwa sababu Joram amekwisha kulisikia neno hilo mara elfu.

Pembe huzinunua machinjioni. Ya mnyama wa porini hagusi. Kuna jamaa aliyewahi kumletea pembe za swala kwenye gunia, akiapa kwamba aliziokota tu malishoni. Joram hata gunia hakulifungua. Alimwambia azirudishe alikozitoa, kwani kwa kitu kama hicho mtu anaweza kufungwa mpaka watoto wake wamsahau sura. Basi huyo ndiye Joram, mtu wa kunyooka, na watu walimjua hivyo. Ndiyo maana kosa lake la mwaka huu lilimwuma kuliko ambavyo lingemwuma mwingine.

Mwezi wa Mei, siku ya Jumanne, alikuja bandani mwanamke mmoja matope yakiwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Alijitambulisha kwa jina la Naisula, mwalimu wa shule ya msingi kule Kajiado. Alibeba kitu kilichofungwa kwa shuka nyekundu, amekikumbatia kwa mikono miwili, na Joram alidhani ni mtoto mchanga. Akamwondolea makopo benchi zima apate kuketi. Shuka ilipofunguliwa, ndani mlikuwa na pembe moja ya ng'ombe, ndefu, ya kijivu, imepinda kidogo kuelekea ndani.

Naisula alieleza polepole, kama anayeandika ubaoni. Baba yake, mzee Kisemei, alikuwa na ng'ombe hamsini na watatu kabla ya ukame wa mwaka wa 2022. Aliwahamisha kutafuta majani mpaka mpakani, wakawa wanaanguka mmoja mmoja njiani, na aliporudi alikuwa na mmoja tu, ng'ombe jike mwekundu aliyeitwa Nanyokie. Nanyokie naye alianguka wakati boma lilipokuwa likionekana. Pembe moja ilikuwa imevunjika zamani. Mzee aliikata ile nzima, akaiweka kando ya kitanda chake, na hapo ikakaa. Baadaye alifuga mbuzi, lakini ng'ombe hakununua tena. Alifariki mwaka jana mwezi wa Julai, na kabla ya kufa alisema pembe ile igawanywe kwa watoto wake wanne, kila mmoja avae kipande.

"Tunakutana Julai, mwaka ukiisha," Naisula alisema. "Tutaombea mzee, halafu mama atavalisha kila mtu yake. Mama haoni siku hizi, lakini amekubali, na ameweka neno moja. Isichanganywe na ya ng'ombe mwingine. Hata kipande."

Alilirudia neno hilo alipokuwa akisimama kuondoka. Joram hakuudhika. Alichukua msumeno, akakata mfuo mmoja mfupi kwenye kitako cha pembe, pale ilipokuwa imeshikana na kichwa cha ng'ombe, na akamwonyesha. Akamwambia pembe ya mteja huwekwa alama mbele ya macho yake, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata moja iliyowahi kumpotea. Naisula alipitisha kidole juu ya ule mfuo, akashukuru, akaenda zake.

Pembe iliyokaa miaka kavu hupasuka ukiikata hivihivi. Ni lazima ilowekwe siku mbili, ichemshwe, ndipo ikubali msumeno. Joram hakuona sababu ya kuchoma kuni kwa pembe moja, kwa hiyo aliitumbukiza kwenye pipa pamoja na nyingine kumi na moja za machinjioni. Kulikuwa na oda ya duka moja la Nairobi, vidani arobaini, na siku zilikuwa zimebana. Alhamisi asubuhi alizitoa zote kumi na mbili zikiwa laini, akawasha redio, akaanza.

Sasa, kuna jambo ambalo Joram hufanya kwa kila pembe kabla ya kufanya lingine lolote. Hukata kitako chake, vidole vitatu hivi, kwa sababu sehemu hiyo ni nyembamba, ina nyufa na makovu, na haina faida. Amekata vitako hivyo maelfu kwa maelfu. Mkono wake unajua njia bila kuuliza kichwa. Akakata, akatupa kwenye gunia, akakata, akatupa, huku akisikiliza mahubiri na kuwaza kama Ann atapata likizo ya Krismasi. Zile pembe akazipanga ukutani zikauke. Ijumaa, Musila alipita na pikipiki yake, kama anavyopita kila Ijumaa, akalichukua gunia la taka. Musila husaga mifupa na vipande vya pembe, akawauzia mbolea wenye bustani za mboga.

Jumamosi Joram alienda ukutani kuchukua pembe ya Naisula. Aliinua ya kwanza, akatafuta mfuo. Akainua ya pili. Alipofika ya tano alisimama, akatazama msumeno. Aliketi juu ya pipa. Alama ilikuwa imekwenda na kitako, kitako kimekwenda na gunia, na mbele yake kulikuwa na pembe kumi na mbili ambazo maji na moto vilikuwa vimezifanya za rangi moja.

Alimpigia Musila simu. Musila alikuwa kwenye kelele za mashine, akajibu kwa kupiga ukelele kwamba alishasaga yote jana, na akauliza kama kuna shida. Joram alisema hakuna.

Alitoa tatu zilizokaribia ile ya Naisula kwa urefu na kwa mpindo. Moja kati ya hizo ilikuwa ya Nanyokie, hilo aliamini. Aliwaza, na tusimhukumu kwa kuwaza, kwamba angechukua ile inayofanana zaidi, atoe vidani vinne vizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na mambo yaishe. Kidani kikishasuguliwa, hata ng'ombe mwenyewe hangekitambua. Naisula alikuwa amesema mama yake haoni. Nani angejua?

Jioni hiyo alimweleza mkewe walipokuwa wakichambua mboga. Alimweleza kwa mzunguko mrefu, akianza na oda ya Nairobi na bei ya kuni. Wamaitha alimwacha amalize.

"Baba Ann," alisema, "huyo mama haoni. Lakini wewe unaona."

Joram alikasirika, akasema anajua, hakuna haja ya kuhubiriwa nyumbani kwake. Hakula vizuri. Jumapili kanisani aliimba nyimbo zote bila kusikia hata moja. Jumatatu alizifunga pembe zote kumi na mbili kwenye gunia safi, akampigia Naisula akamwambia anakuja, lakini hakusema kwa nini.

Boma la marehemu Kisemei liko mbele ya Kajiado, upande wa Bissil, mahali penye migunga mifupi na upepo usiopumzika. Naisula alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Mama yake, Noonkishu, aliketi kwenye kigoda mlangoni, mwanamke mrefu aliyejikunja kwa umri, macho yake yamefunikwa na utando mweupe. Joram alimsalimu kwa Kimaasai kidogo alichonacho, takwenya, na mama akaitikia iko, akauliza habari za watoto na za mvua ya Kitengela. Yote haya yalichukua muda, na kila neno la heshima lilimzidishia Joram uzito wa aliyokuja kusema.

Kisha akasema. Alisimama kuyasema, kofia mkononi, na mara hii hakuzungusha. Alieleza jinsi alivyokata kitako bila kuangalia, jinsi alama ilivyopotea, na kwamba hajui ipi ni ipi.

"Si ulisema unaweka alama?" Naisula aliuliza. "Uliweka nikiona."

"Niliweka, mwalimu. Halafu nikaikata mwenyewe."

Naisula akamwambia angalau angesema kwenye simu asiwaletee aibu hii mlangoni, kwamba baba yake aliitunza pembe ile miaka miwili na fundi ameshindwa kuitunza wiki moja. Alisema kwa sauti ya chini, na Joram akatamani angepaza. Akainamisha kichwa.

Noonkishu alinyoosha mikono.

"Leta hilo gunia," alisema.

Wakalimwaga juu ya ngozi miguuni pake. Akaokota pembe ya kwanza, akaishika kama mtu anavyoshika mkono wa mgeni, akapitisha kidole gumba kuanzia nchani kushuka chini. Joram anajua pembe, au alidhani anajua. Anajua kwamba pembe ya jike huwa na pete, mistari ya mbonyeo inayoizunguka, na anajua kwamba kabla ya kuchonga ni lazima aisugue mistari hiyo mpaka iishe, kwani mteja hutaka kitu laini. Kwake pete hizo zilikuwa kazi ya ziada tu. Hakuwahi kujiuliza zinatoka wapi.

"Kila ndama huacha pete. Huyu alizaa mara mbili tu," mama alisema, akaiweka kando. Akaokota nyingine. "Huyu ni dume." Nyingine. "Huyu alizaa vizuri, halafu akaona njaa. Wenyewe walimuuza akiwa bado na maziwa. Pole yao." Alikwenda hivyo bila haraka, na kila aliyemweka chini alimwekea neno, kama vile wote walikuwa ng'ombe wa jirani. Joram alisikia aibu ya aina nyingine, kwa kuwa alikuwa amesugua maisha ya ng'ombe wengi sana katika miaka thelathini na mmoja.

Ya nane aliishika muda mrefu. Karibu na ncha kulikuwa na ubapa mdogo upande wa nje, mahali Joram alikuwa amepaona akadhani ni kasoro. Mama aliegemeza kidole hapo, na uso wake ukabadilika.

"Hapa alikuwa anajikuna kwa nguzo ya lango," alisema. "Nilimgombeza kila siku. Nanyokie."

Naisula alipiga magoti kando yake. Mama akamshika kidole akakipitisha juu ya pete moja baada ya nyingine, akimweleza. Ya kwanza ilikuwa ndama aliyeuzwa Naisula alipoingia kidato cha kwanza. Ya pili ilikuwa yule aliyechinjwa kaka yao mkubwa alipotahiriwa. Ya tatu ilimlipia mzee upasuaji. Ya nne alipewa jirani aliyekuwa amepoteza ng'ombe wake wote, na jirani huyo ndiye aliyewachotea maji mwezi mzima wa matanga. Hapo kulikuwa na nafasi pana bila pete, mwaka ambao mvua haikunyesha na Nanyokie hakushika mimba. Kisha ya tano, kisha ya sita. Naisula alikuwa akilia kimyakimya. Alikuwa amelala nyumba moja na pembe hiyo na hakuwahi kujua kwamba shule yake imeandikwa pale.

Kidole cha mama kikashuka, kikafika mahali msumeno ulipopita, kikakosa kitu.

"Ya saba iko wapi?" aliuliza.

Joram akauliza ya saba gani, ingawa alikuwa ameshaelewa. Pembe huota kutoka kichwani, kwa hiyo pete mpya ndiyo iliyo chini kabisa, kitakoni.

Noonkishu alieleza akiwa ameelekeza uso kwenye upepo. Ndama wa saba alizaliwa ukame ukiwa katikati, ng'ombe wakiwa bado hawajahamishwa. Nanyokie hakuwa na maziwa, basi ndama akalelewa ndani ya nyumba kwa uji, akilala karibu na moto. Alikuwa mwekundu mwenye kipaji cheupe. Mwaka huo ndio macho ya Noonkishu yalikuwa yanafunga, na asubuhi moja alimwona ndama yule amesimama mlangoni, jua likiwa nyuma yake, akamwona vizuri, kila unywele. Baada ya hapo hakuona tena kitu kwa ukamilifu. Ndama alikufa siku tatu kabla ya mama yake.

"Pete yake ilikuwa ndogo, kwa sababu ng'ombe alikuwa na njaa," alisema. "Zingine nazijua mwenyewe. Hiyo nilikuwa siipati peke yangu. Jioni Kisemei alikuwa ananishika kidole, ananiwekea hapo. Tunakaa hivyo tu. Hatuongei."

Mbuzi walisikika nyuma ya boma. Mama aliirudisha pembe kwenye mikono ya Joram na kuifunika mikono hiyo kwa yake.

"Kama imeenda, imeenda," alisema. "Umekuja mwenyewe kusema. Tengenezea watoto. Lakini usitoe hizo pete zingine."

Joram alirudi Kitengela na gunia lake. Mtu akikugombeza, unapata pa kushika. Huyu hakumgombeza, na ndiyo maana Joram hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Musila, kwenye uga wake njia ya Isinya, akamkuta anapakia mbolea. Akamuuliza tena kuhusu gunia la Ijumaa. Musila akarudia kwamba alisaga yote, kisha akajikuna kichwa, akasema yote ni kusema tu, kwani kuna vipande mashine hukataa. Hivyo huvirusha kule kwenye ua.

Kule kwenye ua kulikuwa na rundo la miaka minne. Kwato, mifupa ya magoti, vitako vya pembe mamia, vilivyopauka na kupasuka kwa jua. Joram alivua koti. Alichambua mpaka jua lilipoinama, akarudi kesho yake alfajiri. Siku hiyo Wamaitha alikuja naye, amejifunga leso kichwani, amebeba chai kwenye chupa. Hakusema lolote kuhusu nani anaona na nani haoni. Aliketi upande wa pili wa rundo akaanza kuokota, kugeuza, kutupa. Musila aliwaonea huruma kwanza, kisha akawacheka kidogo, na mwisho naye akachutama akasaidia.

Ilikuwa yapata saa nane mikono ya Wamaitha ilipoacha kutupa, na Joram akainua kichwa. Alikuwa ameshika kitako kidogo cha kijivu, kina ufa upande mmoja, ukingo mmoja umetafunwa na mashine. Juu yake kulikuwa na mfuo mmoja mfupi wa msumeno. Joram alikichukua, akatoa ile pembe ya Nanyokie ndani ya koti alilokuwa ameifungia, akaviunganisha mahali pa mkato. Mistari ya rangi ilikutana, mweusi kwa mweusi, mweupe kwa mweupe.

Usiku ulipopita, aliketi bandani kwa kazi. Vidani vinne vya watoto havikumsumbua. Alikata vipande vinne kwa urefu, kila kimoja kikibeba sehemu ya zile pete, akavilainisha kingo tu na kuacha uso wa pembe ulivyokuwa, kitu ambacho zamani angemfokea mtu kwa kukifanya. Alivifunga waya wa shaba mwembamba, akipitisha pembeni ili usifunike pete.

Cha tano kilimkalia mkononi siku mbili. Kitako kilikuwa chembamba, na pete ya saba ilikuwapo kweli, mbonyeo hafifu ambao mtu asiyeambiwa hangeuona. Lakini mfuo wake wa msumeno, ule alioukata kwa majivuno mbele ya Naisula, ulikuwa umepita juu ya pete hiyo hiyo, kwa upana wa ukucha. Kuusugua mfuo kungeiondoa pete. Njia nyingine ilikuwapo, na kila fundi wa pembe anaijua: unachukua unga wa pembe, unachanganya na gundi, unaziba, unasugua juujuu, na hakuna atakayejua. Joram alishaziba hivyo kasoro nyingi akalala usingizi. Unga ulikuwa umejaa miguuni pake, na chupa ya gundi ilikuwa dirishani.

Alimwomba Wamaitha waya mnene kidogo. Akakata kipande, akakilaza ndani ya mfuo kikae sawasawa, kisha akakizungusha nyuma ya kidani mara tatu na kukipandisha juu kuwa kitanzi. Waya ukawa unaanzia pale pale alipokosea. Wamaitha alikitazama kwenye mwanga, akasema hakijapata kutoka kidani kibaya namna hiyo katika banda lile, kisha akakifunga katika leso yake safi ya kanisani.

Jumamosi ya kwanza ya Julai Joram na Wamaitha waliwakuta watoto wote wanne wa Kisemei, na majirani, na mchungaji aliyesali kwa ufupi kwa sababu ya upepo. Noonkishu aliwavalisha mmoja mmoja. Kila mmoja alipoinama, alitafuta pete kwa kidole na kumtajia ndama wake. Naisula aliposimama na chake shingoni, alikuja akampa Joram mkono, akaushika kwa muda, na Joram akajua kwamba yamekwisha.

Kisha Joram akamwendea mama, akachutama mbele ya kigoda. Alimwambia kuna kingine, akakiweka kiganjani pake bila kukieleza.

Noonkishu alikigeuza. Alipapasa ukingo uliotafunwa, akapapasa ufa. Kidole gumba kikafika kwenye waya, kikasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni msumeno wangu, mama," Joram alisema. "Hapo ndipo niliweka alama. Ilipita juu ya ile pete ya saba. Ningeweza kuificha, nikaona nisifiche."

Mama aliuacha waya, akasogeza kidole upana wa punje, akaukuta ule mbonyeo. Akarudi kwenye waya. Akaenda tena. Alifanya hivyo mara nyingi, na watu waliokuwa wakigawa chai wakasimama na vikombe mikononi.

"Kisemei ndiye alikuwa ananipeleka hapa," alisema mwishowe. "Tangu aende, sijapata mtu wa kunipeleka. Sasa nitafika mwenyewe."

Alimwinamishia Joram kichwa ili amvalishe. Mikono ya fundi, iliyofunga vitanzi maelfu, ilikosea fundo la uzi mara mbili, ikabidi Wamaitha asogee amshikie ncha moja.